Tableti Iliyokuja Bila Risiti

Wazazi wenzangu wa Kisugu, na nyinyi vijana mnaotafuta kazi za ofisini, kaeni kidogo niwasimulie. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo, na haya niliyaona kwa jirani yangu Acen. Ukuta wetu ni mmoja.

Jumapili ile ilikuwa tulivu. Tumetoka kanisani, Acen yuko barazani anakaanga simsim, yaani ufuta, cherehani yake imefunikwa kitambaa. Mume wake alikuwa sajenti wa polisi, Mungu amrehemu. Binti yao Amito alikuwa anatusomea kwenye simu bei za tableti. Alikuwa amepata kazi ya kuandika hesabu kwa Mama Mbambu, Mkongo anayeuza vitenge kwa jumla kule Kisenyi. Mama Mbambu alimwambia wazi: "Mutoto wangu, kazi iko, lakini utakuja na chombo yako." Mshahara wa kazi hiyo ndio ungemrudisha mdogo wake Amito shuleni.

"Hii nafuu," Amito akasema, "lakini tumbo lake dogo, programu ya hesabu haitaingia. Hii inaingiza kila kitu, lakini betri yake mgonjwa, umeme ukikatika nayo imekatika. Na hii sasa... mama, hii mpaka tuuze nyumba."

"Nyumba ya nani? Wewe mpangaji!" Acen akajibu, tukacheka.

Ndipo akaingia Okwera. Baba yake na marehemu mume wa Acen walikaa baraki moja ya polisi, na yeye na Amito wamekua pamoja. Mkononi ana tableti mpya na kibodi yake, anaiuza nusu ya bei ya dukani.

"Mbona rahisi hivyo?" Amito akamtania. "Umeiba?"

"Wewe! Naenda Uarabuni, kazi ya ulinzi. Nataka pesa ya haraka. Chukua kabla sijampa mwingine."

"Risiti iko wapi?"

Okwera akaweka mkono kifuani kama mtu aliyechomwa. "Mama, sikia mtoto wako! Mimi na yeye tumelala mkeka mmoja, leo ananidai karatasi kama mtu wa barabarani?"

Acen akaona haya. Kwa watu wa baraki, mtoto wa mwenzako ni wako. Kumdai risiti ni kumtukana baba yake. "Amito, acha hayo," akasema, na tableti ikanunuliwa. Tena akamfungia Okwera chupa ya odii, ile siagi yetu ya simsim na karanga, akale safarini.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Amito aliandika ndani ya tableti vitenge vyote vya Mama Mbambu, na vya wenzake waliokuwa wanaagiza mzigo pamoja naye: nani ametoa nini, nani apate nini. Akiba ya mama yake pia aliiandika humohumo. Nakala mahali pengine hakuweka. Bando ni ghali, alisema, ataweka baadaye. Ndugu msomaji, hilo "baadaye" ndilo lililommeza.

Siku ya kugawana mzigo ikafika. Wafanyabiashara wamekaa juu ya marobota wanamsubiri. Amito akawasha tableti. Skrini nyeusi, maneno meupe: KIFAA HIKI KIMEFUNGWA. MALIPO HAYAJAKAMILIKA.

Kumbe Okwera aliichukua kwa kampuni inayokopesha, ile ya kulipa kidogokidogo. Alitoa malipo ya kwanza, akaiuza, akapanda ndege. Amito akampigia simu. Haipatikani. Akapiga tena, watu wanamtazama. Haipatikani.

Mmoja wao, Pitshou, akacheka cheko baya. "Mwizi wa zamani alikuwa anavunja kufuli. Huyu wa leo anafunga!"

Mama Mbambu akasimama. "Amito, nilikuita mutoto. Ulikula mali ya watu?"

"Haki ya Mungu, Mama, sikula."

"Basi fungua."

"Haifunguki."

"Basi ulikula," Pitshou akasema.

Wakampeleka polisi. Askari mmoja mzee akamtambua. "Huyu si binti wa sajenti?" akauliza, halafu akatazama pembeni. Binti wa askari akaandikishwa maelezo kama mwizi, akaachiwa arudi na hesabu.

Acen akauza cherehani. Tukaenda naye mpaka ofisi ya ile kampuni. "Tukimaliza deni lake, itafunguka?" akauliza.

"Itafunguka, mama," karani akajibu, tena kwa heshima.

Acen akalipa. Tableti ikawaka: KARIBU. CHAGUA LUGHA.

Amito akagusa huku, akagusa kule. "Vitu vyangu viko wapi?"

"Ikifungwa kwa deni, kuifungua ni kuifuta. Mwenyewe alisaini masharti."

"Mwenyewe nani?"

"Okwera."

Acen akaichukua, akaigeuza nyuma, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia upande wa pili.

Mama Mbambu alikuja mpaka Kisugu, analia. "Mimi nasadiki hukukula," alimwambia Amito. "Lakini wenzangu hawasadiki, na mimi ni mugeni hapa. Nitakutetea na nini?" Akaajiri mwingine. Kisenyi yote jina la Amito limechafuka. Mdogo wake bado yuko nyumbani. Acen anashona vifungo kwa mkono, na Amito analala ameugeukia ukuta, huu wetu. Zamani nilimsikia akiimba. Sasa ni kimya, na kimya hicho kinanitisha kuliko kilio.

FUNZO

Wazazi, kitu cha bei rahisi si kibaya, na maskini hana la kuchagua sana. Lakini ulizeni kimetoka wapi, kina deni la nani, na risiti ina jina la nani. Muulizeni hata mtoto wa baraki, hata ndugu wa tumbo moja. Mwaminifu hatakasirika, na akikasirika, mwacheni akasirike. Na nyinyi vijana, hesabu za watu zisikae mahali pamoja tu. Wekeni nakala leo.

Mwanangu Bonny naye juzi amekuja na habari ya tableti ya rafiki yake wa Wandegeya, nzuri, rahisi. Sikulala.

Ile ya Acen iko kabatini. Anataka kuiuza anunue hata cherehani kuukuu, lakini risiti aliyopewa na kampuni ina jina la Okwera. Wateja wanakuja, wanaishika, wanaisifu. Halafu wanamuuliza, "Mama, risiti yako iko wapi?"