Barafu Amekataa Kushika Kamba

"Nani anashika kamba yangu leo?"

"Mwalimu," Kocha alijibu, huku akiendelea kukaza mikanda ya jaketi la kuokolea kifuani mwa msusi.

"Na Barafu?"

"Ameomba aondolewe. Panda mtumbwi, mwanangu."

Nyuma ya kona ya mto, Sufuria ilikuwa inanguruma. Ndivyo klabu yao ya mitumbwi ilivyoliita poromoko lile, maana maji yake yalichemka kutwa kucha bila moto. Kila aliyelishuka alikuwa na mwenzake amesimama juu ya mwamba, upande wa chini, kamba ya uokozi mkononi. Ukipinduka, anakurushia, unaidaka, anakuvuta. Msimu mzima mwenzake huyo alikuwa Barafu, fundi wa friji aliyebatizwa jina hilo na Mwalimu, ambaye pia alikuwa mpenzi wake.

Mapenzi hayo waliyaficha kama watoto walioiba sukari. Klabu yao ilikuwa ya kujitolea, hakuna mshahara wala bosi, lakini ilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: anayekupenda hakushikii kamba. Kocha, muuguzi mstaafu, akiulizwa sababu alisema ataeleza siku mto ukikauka. Wapenzi wetu waliona ni ukali wa mtu mzima tu.

Jumamosi iliyotangulia, msusi alipinduka mazoezini. Barafu aliitupa kamba pembeni akaruka majini na viatu vyake. Mkondo ukawabeba wote wawili, na Kocha na wenzake walihangaika hadi wakawaopoa. Msusi alitapika maji, lakini saluni alirudi kichwa juu. Wiki nzima, kila kichwa alichosuka kilisikia habari ile.

"Mwanaume akikurukia majini, unataka ushahidi gani tena?" alimwambia dada yake.

Dada yake, mikono imejaa povu la shampuu, alisema yeye angeridhika na anayebaki nchi kavu akaosha vyombo. Hata hivyo alimpigia Barafu simu kumpongeza.

Barafu ndiye aliyebadilika. Simu akawa hapokei, na akipokea anajibu kwa mkato. Msusi alimfuata karakana akamkuta amekaa katikati ya friji zilizofunguliwa migongo, bisibisi mkononi, hafanyi chochote. Alisema ana kazi nyingi. Asubuhi hii, siku ya kufunga msimu, ukaingia ujumbe:

"Nisamehe. Kuna jambo nimemwambia Kocha. Nitakueleza ukishatoka mtoni."

Msusi alijibu: "Kama umenichoka, sema."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Kwa hiyo alipanda mtumbwi akiwa na hofu mbili, ya maji na ya kuachwa, na sijui ipi ilikuwa nzito zaidi. Juu ya mwamba aliona miwani ya Mwalimu ikimetameta, imefungwa kisogoni kwa uzi wa kiatu. Mwalimu wa hesabu, mpole, mzito wa mwendo. Wenzake walimtania kwamba anarusha kamba kama mtu anayelisha kuku. Huyo ndiye aliyekabidhiwa roho yake.

Alipiga kasia la kwanza vizuri, la pili vizuri. Kisha akafanya kosa. Aligeuza macho kumtafuta Barafu ukingoni, na kwa kupepesa huko mtumbwi ukalala ubavu, ukampindua.

Giza. Baridi. Hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Hakufikiria mapenzi hata kidogo, alitaka hewa. Maji yalimtema, akavuta pumzi nusu, yakamrudisha. Alijua anakufa, na hofu hiyo ilimtawala mwili mzima.

Alipoibuka tena alisikia mtu akiita kwa sauti ya kawaida, kama anayeita jina darasani.

"Kamba."

Ikamwangukia kifuani. Aliishika kwa mikono miwili, akalala chali kama walivyofundishwa, akaanza kuvutwa. Mwalimu alikuwa amekaa chini, visigino amevichimbia kwenye ufa wa mwamba, anavuta taratibu bila kuruka wala kulia.

Kocha alimkagua vidole, macho na pumzi. Ndipo wote wakasikia kilio kutoka juu ya ukingo. Mtu alikuwa anamwita msusi mfululizo, sauti imekauka. Msusi alipanda kwa magoti na viganja.

Barafu alikuwa amefungwa kwenye mti. Mkanda wa kufungia mitumbwi ulimzunguka kifuani, fundo likiwa nyuma ya shina asikoweza kulifikia. Shati lilikuwa limechanika bega na kucha zake zilitoka damu.

"Nani amekufunga?"

"Kocha. Nilimwomba mwenyewe." Alishindwa kumtazama. "Nilimwambia kwamba nakupenda na kwamba tumewadanganya msimu mzima."

"Kwa nini?"

"Jumamosi ile kamba ilikuwa mkononi mwangu, na wewe ulikuwa karibu kabisa. Ningeirusha ungeidaka. Niliogopa kubaki pale juu huku wewe unachukuliwa, ndiyo maana nikaruka. Sikukuokoa. Nusura nikuue."

Msusi alikumbuka vichwa vyote alivyovisimulia.

"Si ungebaki nyumbani basi?"

"Nisingeweza. Na ningekuja bila kufungwa, leo ningeruka tena. Ulipopinduka nilijaribu kuuma mkanda."

Kocha alikuwa amewafikia, kofia ya plastiki mkononi.

"Nilikuwa na mume," alisema. "Aliniona nimepinduka, akaruka."

Alishuka kwenda kukusanya makasia.

Msusi alizunguka nyuma ya mti akaanza kufungua fundo, vidole vimekufa ganzi.

"Nilidhani umenichoka."

"Nataka kukuoa," Barafu alisema, uso bado umeelekea mtoni. "Lakini nina hofu ambayo haitaisha."

"Sikukwambia iishe. Msimu ujao utashika kamba ya nani?"

"Ya nisiyempenda."

"Mwalimu, basi. Ukimkosa kwa kamba, atakutafutia jina baya kuliko Barafu."

Walicheka wakilia, na fundo likaachia.

Walioana mvua zilipokuwa bado hazijaanza. Mto ulipojaa, walirudi Sufuria na mtumbwi wa watu wawili, mume mbele, mke nyuma. Kabla ya kuifunga simu kwenye mfuko usioingiza maji, msusi alimwandikia dada yake: "Tunaingia wote. Mwalimu yuko juu." Dada yake alijibu kwamba vyombo vya harusi bado vinamsubiri shemeji.

Mbele yake, Barafu alikaza mikanda ya jaketi lake kwa mara ya tatu.

"Unaogopa, mume wangu?"

"Sana."

"Na mimi."

Juu ya mwamba, Mwalimu alifuta miwani yake, akachimbia visigino, akaishika kamba. Mke akahesabu moja, mbili, na makasia yote mawili yakaingia majini kwa pamoja.