Kipa wa Bulgaria

Boksi la chingamu lilifika mji wa Sultan Hamud na lori la bidhaa kutoka Nairobi, na Evanson Thuo akafunga mlango wa duka lake mchana kweupe ili alifungue peke yake. Mtu mzima, shemasi wa kanisa, mwenye binti katika shule ya bweni, anajifungia ndani achambue chingamu za watoto! Lakini ndivyo alivyokuwa. Ndani ya kila chingamu mlikuwa na kadi yenye picha ya mchezaji wa Kombe la Dunia la mwaka huo wa themanini na sita, na Thuo alikuwa mkusanyaji wa kadi tangu ujana wake, enzi zile zilipokuja kwenye pakiti za majani chai zikiwa na picha za ndege na wanyama.

Albamu yake ilikuwa imejaa. Kila timu ilikuwa na watu wake, hata Bulgaria. Kipa wa Bulgaria, jitu la masharubu ambalo hakuna mtu Ukambani mzima aliyeweza kutamka jina lake, ndiye aliyekuwa adimu kuliko wote. Na kipa huyo hakuwa wa Thuo. Alikuwa wa Kisilu.

Kisilu alikuwa fundi wa baiskeli karibu na stesheni, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Walikusanya pamoja, wakabadilishana, wakanuniana kama watoto. Kisilu alipompata yule kipa alikataa kumbadilisha na kitu chochote. Alimweka katika mfuko wa ndani wa koti, na kila Thuo alipopita alimchomoa, akambusu, akamrudisha, mradi tu amchokoze mwenzake. Kisha Kisilu akashikwa na kifua, akalala, asiamke tena. Siku aliyokufa, wanawake walipokuwa wakilia uani, Thuo aliachwa chumbani akae na maiti kidogo. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Mkono wake ukaingia mfukoni kabla hajajua anachofanya. Alijua, bwana. Tusiusingizie mkono.

Na siku ya mazishi, kule nyumbani kwa marehemu karibu na Tawa, alisimama mbele ya watu akasema Kisilu hakuwahi kumdhulumu mtu. Tangu siku hiyo Syombua, mjane wa Kisilu, alimkwepa. Kila alipokuja kutoka Tawa kwenye soko la Sultan Hamud, akikutana na Thuo aliinamisha macho, akapita upesi. Thuo aliamini kwamba mama yule anajua, na chakula kikakosa ladha mdomoni mwake.

Ndiyo maana alilingojea boksi hili kwa hamu. Alikuwa ameweka nadhiri: akimpata kipa wake mwenyewe, yule wa Kisilu atamrudisha kimyakimya, amchomeke mahali fulani nyumbani kwa mjane, na dhambi iishe bila mtu kuaibika.

Alipochana karatasi ya kwanza, harufu iliyotoka haikuwa ya chingamu. Ilikuwa ya gundi ya kuzibia pancha, kali, kama alivyonuka Kisilu miaka yote. Akachana ya pili, harufu ni ile ile. Akaendelea kuchana, jasho likimtoka, mpaka akaiona kadi iliyoandikwa Bulgaria na lile jina refu chini yake. Picha ilikuwa na milingoti ya goli, wavu na nyasi za kijani kibichi. Mtu mwenyewe hakuwamo.

Nyawira, mkewe, aliingia kwa mlango wa nyuma akifuta mikono kwenye leso.

"Baba Wanjiro, hii harufu ni ya nini?" Akaichukua kadi, akaikazia macho. "Na huyu mtu wake ameenda wapi?"

"Wamekosea tu kuchapisha."

Nyawira aliitupa kadi juu ya kaunta na kujikuna viganja. "Imenichoma," alisema, akacheka.

Jioni hakucheka tena. Viganja vilikuwa vimevimba na kuwa vyekundu, kama vya mtu aliyetwanga kutwa nzima. Na wakiwa mezani wakaanza kusikia kitu kikigonga ukuta wa mabati nyuma ya nyumba. Du. Kinanyamaza. Du. Thuo alitoka na tochi. Hakukuwa na mtu, ila kwenye mabati kulikuwa na alama za vumbi za mviringo, nyingi, kimo cha kifua cha mtu.

Kuanzia hapo Nyawira aliamka kila asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Vidole vilikuwa vimeteguka, viganja vimechubuka, na magoti yake yana madoa ya nyasi mbichi, ilhali mwaka huo wa kiangazi mji mzima haukuwa na jani moja la kijani. Thuo aliyaona madoa yale akaelewa: usiku mkewe alikuwa akidakishwa golini mahali pa kipa aliyeibwa. Alimpaka mkewe mafuta mikononi, polepole, kidole kwa kidole, huku akijiambia kesho nitasema. Kesho ikifika, aibu ilimshinda. Shemasi aseme alimwibia maiti? Akamfunga vitambaa, akaenda kufungua duka.

Mchungaji alikuja na akina mama wa kanisa kuomba. Giza lilikuwa linaingia, taa ya chemli ikaletwa, na wimbo ulipokolea ile harufu ya gundi ikaanza kupanda kutoka kitandani, ikajaa chumba, mmoja akakohoa, mwingine akaacha kuimba, na katika kile kimya mabati yakagongwa, du, na mikono ya Nyawira iliyofungwa vitambaa ikarukia juu kama inadaka kitu, ikashuka, mabati yakagongwa tena, ikaruka upande wa pili, na macho yake yalikuwa yamefumbwa, na mdomo wake ukafunguka taratibu, ikatoka sauti nzito ya mwanamume, yenye mikwaruzo ya kifua kibovu, sauti ambayo kila mtu wa Sultan Hamud aliyewahi kutengeneza baiskeli aliifahamu.

"Goli yangu iko wazi. Nani alitoa kipa yangu? Msiponirudishia, nakaa na huyu."

Mchungaji alimwinamia Thuo sikioni. "Ndugu, unaelewa anasema nini?"

"Sielewi," akasema Thuo. Biblia ilikuwa mapajani mwake, na albamu ilikuwa chini ya kitanda kile kile.

Usiku kucha hakupata usingizi. Alijichukia. Kulipokucha Nyawira hakuweza hata kushika kikombe, alikuwa akitazama tu mbele, hasikii akiitwa. Ndipo Muthoki, jirani yao, alipomvuta Thuo kando.

"Mzee, mimi nimeokoka, lakini huyu mama anakufa. Tawa kuna mama mganga anaitwa Ndululu. Mpeleke. Mimi sijasema kitu."

Thuo alimtoa yule kipa kwenye albamu, akamweka mfukoni, akampeleka mkewe Tawa.

Ndululu walimkuta sokoni akiuza ugoro, na hakufurahi kuachishwa biashara. Alifungua vitambaa, akatazama viganja, akavifunga tena.

"Nani hapa amebeba kitu ya mtu?" aliuliza.

Thuo alimweleza kwa kunong'ona, huku akilia.

"Basi mimi sina dawa. Twende kwa mwenye kitu. Utasema na mdomo yako."

Syombua alikuwa akipepeta mbaazi uani alipowaona. Aliinamisha macho kama kawaida yake. Walimkalisha Nyawira kwenye kigoda, kichwa kimelegea, na Thuo akasimama mbele ya mjane.

"Shemeji, mimi ndiye nilitoa kipa kwa koti ya Kisilu. Siku ile ile. Akiwa amelala pale." Akaiweka kadi juu ya ungo wa mbaazi.

Syombua aliitazama, akaketi chini.

"Ni wewe?" alisema. "Asubuhi ile Kisilu aliniambia, 'Nikienda, huyu kipa mpe Thuo, amalize timu yake. Nimemsumbua vya kutosha.' Nikatafuta kwa koti, sikuona. Nikasema nimepoteza kitu ya mwisho bwana yangu alinituma. Nikawa naona aibu hata kukuangalia."

Thuo aliona heri angetukanwa. Heri angepigwa kwa fimbo mbele ya watu wote. Alikuwa amemwibia rafiki yake kitu alichokwisha kupewa.

Ndululu alitema ugoro pembeni. "Ngoja. Kama marehemu alikupa na roho safi, huyu anaongea kwako si marehemu."

Wote watatu wakageuka. Nyawira alikuwa ameinua kichwa, anatabasamu. Sauti iliyotoka sasa haikuwa yake, wala haikuwa ya Kisilu. Haikuwa ya mtu yeyote.

"Kisilu alilala zamani. Mimi nilikuwa napita tu kwa barabara. Nikasikia mtu anaogopa ndani ya nyumba, nikaingia." Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. "Kama nyinyi hamtaki hiyo kitu, nipeni mimi."

"Usimpe!" Ndululu alimshika Thuo mkono, akamgeukia Syombua. "Mwaitu, mama yangu, mpe huyu vile bwana yako alisema. Na wewe upokee."

"Siwezi," alisema Thuo. "Sistahili."

"Nani amekuuliza kama unastahili?"

Syombua aliichukua kadi kwa mikono miwili, akamnyooshea, na papo hapo ukuta wa nyumba yake ukaanza kugongwa, du, du, bila kupumzika, udongo ukamomonyoka, kuku wakakimbilia vichakani, na Nyawira akawa anatupwa huku na huku juu ya kigoda, mikono ikidaka hewa, damu ikipenya kwenye vitambaa, akipiga mayowe kwa sauti ile isiyo ya mtu, "Ni yangu, ni yangu," na Thuo alitaka kukimbia, alitaka kufa, mpaka macho yake yakaangukia vile viganja vya mkewe, akaunyoosha mkono wake, akapokea.

"Asante, Kisilu," alisema. "Nisamehe."

Kimya kikaanguka. Nyawira akaanguka pamoja nacho, ubavu chini, akahema. Harufu ya gundi ilikuwa imekwisha.

Nyawira alipopata fahamu, Ndululu alikuwa amekwisha kurudi kwenye ugoro wake, na Syombua yuko jikoni akiwachemshia chai. Aliketi tena kwenye kigoda, akatazama huku na huku kwa macho yake mwenyewe.

"Hapa si kwa Mama Syombua? Mbona unalia, Baba Wanjiro?"

Angeweza kumwambia ilikuwa malaria. Hakuna ambaye angemsuta. Lakini alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote kuanzia kwenye koti, na Nyawira akamsikiliza hadi mwisho, mikono yake imelala wazi mapajani.

"Siku ile kadi ilinichoma," alisema polepole, "ulijua?"

"Asubuhi yake nilijua."

"Na ukinipaka mafuta?"

"Nilijua."

Nyawira aliikusanya mikono yake, akaifunika ndani ya leso. Thuo alipomnyooshea mkono wake amwinue, aliinuka mwenyewe, akaingia jikoni kwa Syombua.