Kiti cha Mbele

Mke wa mtu akikaa nyuma ndani ya gari la mumewe, na kiti cha mbele kimebaki kitupu, wewe shuka ukapande basi. Msabaha hakushuka. Kijana mzima, mabega kama kabati, anaosha mabasi depo ya Woolwich, London, na kujisifu njia nzima kwamba hajazaliwa wa kumtisha, lakini akili ya kukitazama kiti na kujiuliza hakuwa nayo. Basi alijibana nyuma pembeni ya dada yake Zuwena, magoti yanamgusa kidevu.

"Mmegombana nyinyi?"

"Kaa, yakhe, acha maneno," alisema Mwadini, shemeji yake, mkono kwenye usukani.

"Mbele peupe, mimi nimekunjwa kama sambusa!"

"Mbele hapakaliki. Springi imekatika."

Zuwena alitazama dirishani kama hakusikia. Huyu ndiye dada aliyetoka naye Unguja mwaka ule baada ya Mapinduzi, Msabaha mtoto mdogo ameng'ang'ania buibui lake asipotee bandarini. Ndiye aliyempikia, akamfulia, na majuzi ndiye aliyemposea Salha wa Mombasa. Nikaha ilishafungwa huko kwa wakili. Jumamosi ijayo Salha alikuwa anashuka na ndege, na Msabaha alishawatangazia mpaka wauza samaki wa sokoni.

"Bibi harusi akija hutatoka tena," Mwadini alikuwa amemwambia. "Jumapili twende mashamba ya Kent ukapunge upepo."

Nani atakataa?

Walipoziacha nyumba za mji nyuma, gari likaanza kunukia asmini. Siyo ya chupa. Ile mbichi, ya kutungwa kikuba.

"Dada, umejitia asmini?"

"Sijajitia kitu."

"Basi shemeji huyo! Shemeji, unanukia kama kungwi!"

Mwadini hakucheka. Kwenye kona kiti cha mbele kikalia, nyii, na mgongo wake ukarudi nyuma kidogo, kama mtu amejiegemeza. Msabaha akakipiga teke la mzaha. Zuwena akamshika goti kwa nguvu mpaka kucha zikamwingia.

"Usifanye hivyo," alinong'ona. "Tafadhali, usifanye hivyo."

Walisimama juu ya kilima, ngano mbichi mbele yao mpaka mwisho wa macho, na mnara wa kanisa mbali huko kama kijiti. Jua la Mei lilikuwa linawaka. Mwadini alishuka, akazunguka, akaufungua mlango wa mbele, akauacha wazi kidogo, kisha akaufunga taratibu.

"Unamfungulia nani, bwana?"

"Natoa vumbi."

Ng'ambo ya ua kondoo waliokuwa wamelala waliinuka wote kwa pamoja, wakaenda kujibana kona ya mbali kabisa ya shamba.

Zuwena akatandika mkeka. Akatoa mkate wa kumimina, katlesi, kuku wa kupaka, na chupa ya chai. Watu watatu, vikombe vinne.

"Kula," alisema Mwadini.

"Na nyinyi je?"

"Tutakula. Anza wewe."

Sasa nisikilizeni, maana mwenye kwao tu ndiye atakayeelewa ujinga huu. Sisi hatutii tonge mdomoni mtu anapita tukanyamaza. Awe rafiki, awe adui, awe kaja kudai, utamwambia karibu, na neno linatoka lenyewe kama chafya. Msabaha alikuwa hivyo hivyo hapa hapa London. Kila mchana akifungua chakula chake depo humwambia Gurmit, Singasinga anayefanya naye kazi, "karibu," na Gurmit alishalizoea neno hilo, anachota bila haya.

Alikuwa na mkate mkononi na katlesi shavuni alipomwona mwanamke. Alikuwa anakuja katikati ya ngano, amevaa buibui jeusi la kizamani, lile la kufunga kwa kamba kichwani, anatembea mwendo wa mtu anayekwenda harusini na ana wakati, na ngano ambayo kila upande ilikuwa inalala na kuinuka kwa upepo pale alipopita yeye haikutikisika hata jani, wala hakuacha njia nyuma yake, na asmini ikatangulia ikaja mpaka kwenye mkeka ikafunika harufu ya kuku, ya majani, ya chai, mpaka Msabaha akawa anaisikia kwenye ulimi, na yeye mjinga wa Mungu badala ya kuogopa akafurahi, kwamba huku kote mashambani kwa Wazungu kumbe kuna mtu wa kwetu.

Mwanamke akasimama ukingoni mwa mkeka. Hakutoa salamu.

"Msabaha..." alianza Zuwena.

"Zuwena," alisema Mwadini, polepole sana. "Mimina chai."

Zuwena akamtazama mdogo wake. Akamtazama mumewe. Akamimina chai.

"Karibu, bibi!" alisema Msabaha, mdomo umejaa. "Karibu tule!"

Upepo ukakatika. Mwanamke akacheka kicheko kidogo, cha msichana aliyesifiwa, na mahali aliposimama pakawa ngano tupu. Msabaha akatazama mkononi. Mkate wake alikuwa ameung'ata upande mmoja. Sasa ulikuwa umeng'atwa na upande wa pili, kwa meno madogo madogo, yaliyopangika vizuri. Asmini ilikuwa begani kwake.

Mwadini akashusha pumzi kama aliyetua gunia. "Alhamdulillahi."

"Nani yule?" Sauti ya Msabaha haikuwa ile ya depo.

"Wa babu yangu. Akawa wa baba, akawa wangu. Hahami mpaka mtu mwengine amkaribishe chakulani kwa mdomo wake. Na hapendi mke karibu na mwanamume wake. Dada yako zimemtoka mimba tatu."

"Na Salha?"

Mwadini akaanza kukusanya vikombe.

"Dada! Ulijua nitasema?"

Zuwena alikuwa analia bila kujifuta. "Mama alitulea hivyo," alisema. Akaweka mkono tumboni. "Huyu ameshaanza kucheza, Msabaha. Wale wengine hawakufika kucheza."

Kurudi, Zuwena alikaa mbele na mumewe. Springi ilikuwa nzima. Nyuma Msabaha alibaki peke yake, na hakupata hata nafasi ya kunyoosha mguu.

Wiki ile alikwenda kwa mwalimu mmoja mzee, mtu wa Pate, anayesomesha watoto Kurani sebuleni kwake. Mzee akamsomea nusu saa, kisha akafunga msahafu.

"Mimi nawafukuza wanaoingia bila hodi, mwanangu. Huyu umemkaribisha wewe."

Akenda kwa dada yake. Zuwena mwenyewe alimfungulia, kisha akarudi haraka akasimama upande wa pili wa meza. Walikuwa wanakula, pilau inafuka moshi, Mwadini amenawiri, shavu limejaa. Msabaha akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akangoja neno moja. Hakuja kwa pilau, hakuwa na njaa hata kidogo. Mwadini akainamia sahani. Zuwena akafungua mdomo, macho yakamwenda juu ya bega la mdogo wake, akaufunga. Akachota wali, akatia mdomoni, akatafuna huku machozi yanamdondokea sahanini. Hakusema karibu.

Msabaha akaurudisha mlango mwenyewe.

Jumamosi Gurmit alimwazima gari. Salha akatoka uwanja wa ndege na sanduku moja na hina mpya mikononi, anacheka, mzuri kuliko picha.

"Ndo wewe huyo? Picha ilikupunguza mwili!"

Msabaha naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akatia sanduku kwenye buti. Salha akaufungua mlango wa mbele.

Akasimama. Kicheko kikamwisha taratibu. Akaufunga tena kwa adabu, kama mtu aliyefungua chumba cha watu, akaingia nyuma na kukaa, mikono mapajani.

"Mbona nyuma, Salha?"

Alijibu kwa sauti ndogo, asisikiwe na wa mbele.

"Ungeniambia mapema, Msabaha, kwamba unaye. Nisingekuja."

Msabaha akakaa kwenye usukani. Pembeni yake kiti kikalia, nyii, kama mtu anayejiweka vizuri kwa safari ndefu.