Kamera Iliyochelewa Kupona

Soko la mitumba lilikuwa limefurika, watu wanasukumana, na mikono miwili ikaishika kamera moja. Mkono mmoja ulikuwa na grisi: wa binti fundi wa lifti, aliyepitia hapo kutoka kazini na ovaroli yake ya buluu na kitambaa chekundu kichwani. Wa pili ulikuwa wa kijana mwenye miwani minene, kucha zake safi kama za daktari.

"Achia," binti alisema.

"Achia wewe. Hujui unachonunua."

"Kamera. Ningeshindwa kuijua?"

Kijana akabonyeza kitufe. Kifuniko kikaanguka mbele, lenzi ikachomoza na mikunjo yake ya ngozi nyeusi. Akachomeka tochi ndogo kwa nyuma, kisha akavua koti na kuwafunika nalo wote wawili, palepale sokoni. Gizani, vinukta vitatu vya mwanga viliwaka kwenye pembe za mikunjo.

"Umeona? Inavuja mwanga. Lenzi ni nzima, ila grisi yake imeganda. Nunua, nitakutengenezea."

"Wewe nani?"

"Fundi kamera. Wananiita Miwani."

"Sijui kwa nini," binti alisema, wakacheka. Koti lilinukia spiriti. Yeye ambaye mama yake alimwita Kiguu na Njia, asiyemaliza kikombe cha chai ameketi, alijikuta hana haraka ya kutoka.

Binti akainunua, na kamera ikalazwa karakanani kwa Miwani. Binti akawa anapiga simu kila siku, kutoka juu ya paa za majengo.

"Mgonjwa wangu ameamkaje?"

"Anaendelea, malkia. Leo nimeziba tundu la kwanza."

"Tundu moja wiki nzima? Mimi lifti ya ghorofa kumi naimaliza kwa siku!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mpenzi."

Kila jioni alikwenda karakanani, akazungukazunguka baina ya meza akigusa kila kitu. Alikuwa na neno. Ofisi ilikuwa inampeleka mji mwingine kwa miaka miwili, na kuomba ameomba mwenyewe. Kila alipotaka kulisema, alijikuta anasimulia habari za nyaya.

Siku moja simu ilipokewa na dada yake Miwani, anayeshona mikoba chumba cha pili.

"Wifi! Kaka katoka. Ile kamera? Mbona ilipona zamani! Anaikunja na kuikunjua tu kutwa."

Binti alifika mbiombio, akamsubiri mlangoni.

"Imepona lini?"

Miwani akavua miwani yake. "Mwezi sasa. Nilidhani ikipona hutakuja tena."

"Ningekuja kwako, mjinga wewe!" Akaibeba kamera, akaondoka bila kugeuka. Hasira ilikuwa ya kweli, lakini nusu yake ilikuwa nafuu: amepata kosa la mtu mwingine la kumsindikiza safarini.

Siku nne hakupokea simu. Hakulala vizuri, hakukaa. Alitia filamu kwenye kamera, akapiga picha zake zote kumi na mbili humo chumbani mwake, na kwa kuwa mji mzima hakuna wa kuisafisha ila Miwani, akampa wifi yake filamu ile. "Mpe kaka yako. Usimwambie nimekuja." Kama hakujua anachokituma, basi alijidanganya vizuri.

Kesho yake mchana Miwani alimkuta kazini, ghorofa ya saba, milango ya lifti iko wazi, zana zimetapakaa sakafuni. Miwani alikuwa anahema kwa kupanda ngazi, picha zikiwa bado mbichi mkononi: kuta tupu, masanduku yaliyofungwa kamba, kitanda kisicho na shuka.

"Unahama."

"Jumatatu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili ya kujuana kwetu," binti alisema, macho sakafuni.

"Kumbe! Mimi nimeficha kamera, wewe umeficha mji mzima."

Binti akataka kukasirika, kicheko kikamponyoka, na machozi nyuma yake. "Nisamehe, mpenzi. Kukaa siwezi."

"Nani kakwambia ukae? Huko hakuna kamera mbovu?"

Bisibisi ikamtoka binti mkononi.

"Mama yako yuko nyumbani saa hizi?"

"Yupo. Unamtakia nini?"

"Nikamwambie namuoa bintiye, kabla bintiye hajapata safari nyingine."

Binti akajifuta grisi kwenye ovaroli na kumshika mkono.

"Basi twende kwa ngazi," alisema. "Hii lifti sijaimaliza."