Mwalimu Muriithi Alipeleka Darasa Sokoni

Mwalimu Muriithi aliishi mlimani, juu ya mji wa Runyenjes, pamoja na mkewe Ciakuthii na binti yao Wawira. Shamba lao lilikuwa dogo. Upande wa juu palikuwa na chai. Upande wa chini, karibu na mto, palikuwa na migomba na ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi Ciakuthii alibeba kikapu chake na kwenda kuchuma chai. Muriithi naye alivaa koti, akatembea hadi chuo cha ufundi. Huko alifundisha somo la biashara.

Vijana wa chuo hicho walijifunza ushonaji, useremala na kuchomelea vyuma. Somo la biashara lilikuwa la wote. Muriithi aliandika ubaoni maana ya biashara, aina za biashara, na sifa za mfanyabiashara bora. Vijana walinakili, wakakariri, wakafanya mtihani. Wengi walipita, na Muriithi alifurahi.

Wawira alisomea ushonaji katika chuo hicho hicho. Kwenye mtihani wa biashara alikuwa wa kwanza. Alipomaliza, mama yake aliuza mtamba ili amnunulie cherehani. Wawira akakodi chumba karibu na soko la Runyenjes. Alishona magauni ya sherehe, mazuri sana, akayatundika mlangoni. Watu walisimama, wakayashika, wakayasifu, kisha wakaenda zao. Ng'ambo ya barabara wauza mitumba walikuwa na wateja tele. Miezi ilipita. Gauni la mbele likaanza kupauka kwa jua.

Siku moja Wawira alirudi nyumbani na cherehani yake ikiwa imefungwa nyuma ya bodaboda. Hakulia. Alimsaidia mwenye pikipiki kuishusha, akaiweka pembeni sebuleni, akaifunika kwa kitambaa. Kisha alichukua kikapu na kumfuata mama yake kwenye chai.

Tangu siku hiyo alisema maneno machache tu. Wazazi wake walikuwa na wasiwasi. Ciakuthii alianza kusema kwamba heri cherehani iuzwe kabla haijashika kutu. Muriithi alimwomba angoje kidogo.

Jioni moja, baada ya chakula, Muriithi alimuuliza binti yake kwa upole alikosea wapi. Labda kuna jambo la darasani ambalo alilisahau.

"Sikusahau kitu, Baba," Wawira alisema. "Sifa za mfanyabiashara bora nazijua zote hata sasa. Lakini pale dukani hakuna mtu aliyeniuliza sifa hizo."

Kesho yake Muriithi alisimama mbele ya darasa na chaki mkononi, akawaza. Aliwakumbuka vijana aliowafundisha miaka iliyopita. Wengine walikuwa wanaendesha pikipiki za watu. Wengine walikuwa nyumbani tu, vyeti vyao vikiwa sandukuni. Siku zote alidhani ni wavivu. Lakini Wawira hakuwa mvivu. Hilo alilijua.

Muda mfupi baadaye walimu wa vyuo vya ufundi waliitwa kwenye semina mjini Meru. Muriithi alikaa karibu na mwalimu mmoja aliyeitwa Sharifa. Sharifa alikuwa mzaliwa wa Meru mjini, wa familia ya wenye bucha, na yeye pia alifundisha biashara. Wakati wa chai Muriithi alimweleza habari za binti yake. Sharifa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia asiondoke Meru kabla ya kuja kuona darasa lake.

Muriithi alikwenda. Aliingia darasani na kushangaa. Ubao ulikuwa mtupu. Vijana walikuwa wamekaa kwa duara. Katikati palikuwa na magunia, vipande vya mbao, tyubu kuukuu za magurudumu na chupa za plastiki. Vijana walikuwa wametoka sokoni. Kila mmoja alieleza shida aliyoikuta huko. Kijana mmoja alisema wauza nyanya wanataka makreti mapya.

"Uliona, au ulidhani?" Sharifa alimuuliza.

Kijana alifikiri, akakubali kwamba alidhani tu. Hakuna aliyemcheka. Sharifa alimwambia arudi sokoni akaangalie tena.

Darasa lilipokwisha, walimu hao wawili walikaa nje kwenye benchi. Muriithi alitaka kujua kila kitu. Sharifa alimweleza kwamba yeye alikulia kwenye bucha. Baba yake hakumfundisha maana ya biashara. Alimweka karibu na kaunta asikilize wateja wanaomba nini, na wanaondoka bila kupata nini. Basi naye huwafundisha vijana hivyo hivyo. Kwanza hawauzi wala hawatengenezi chochote. Wanaangalia na kuuliza. Wakipata shida ya kweli, wanatengeneza kitu cha kujaribia kwa vitu vya kuokota, visivyo na gharama. Kitu hicho wanampa mwenye shida akitumie, nao wanamwangalia akikitumia. Kikiwa na kasoro wanarekebisha, wanampa tena. Ni mwisho kabisa ndipo wanatumia vifaa vizuri.

"Na wanauliza vipi?" Muriithi alisema.

"Hapo ndipo wengi hukosea," Sharifa alimjibu. "Ukimuuliza mtu, 'Nikikutengenezea hiki utanunua?' atasema ndiyo, ili asikuvunje moyo. Muulize hivi: 'Mara ya mwisho shida hii ilipokupata, ulifanya nini?' Hapo atakuambia mambo yaliyotokea. Kama hakufanya lolote, labda hiyo si shida kubwa kwake."

Muriithi alisema chuo chake hakina pesa za vifaa. Sharifa alimwonyesha kwa mkono yale magunia na mbao.

"Vifaa viko, Mwalimu. Kinachokosekana ni kijana kupewa ruhusa ya kukosea mbele ya mwalimu wake, bila kuchekwa na bila kupoteza alama. Mimi humpa alama kwa yale aliyorekebisha baada ya kusikiliza watu."

Muriithi aliporudi, alimweleza mkuu wa chuo, Bwana Mwirigi. Mkuu aliogopa kwamba matokeo ya mtihani yatashuka. Walizungumza kwa muda, wakakubaliana. Nusu ya vipindi vingekuwa vya ubaoni kama zamani. Nusu nyingine vijana wangetoka nje.

Siku ya soko Muriithi alimwomba Wawira afuatane na darasa. Wawira alikataa. Alisema soko la Runyenjes analijua, na lilishamfundisha ya kutosha.

"Leo hutauza kitu," baba yake alimwambia. "Ni kuangalia tu."

Wawira alikwenda, lakini bila moyo.

Siku hiyo ya kwanza haikwenda vizuri. Vijana walirudi wakiwa na furaha nyingi. Kila mmoja alikuwa amewauliza watu kama watanunua, na kila mtu alikuwa amesema ndiyo. Kijana mmoja aliyejifunza kuchomelea, jina lake Munyi, alisema watu wote wa Runyenjes wanataka mageti makubwa ya chuma. Muriithi alimuuliza aliona au alidhani. Munyi akakubali kwamba alidhani tu. Muriithi aliwaeleza upya namna ya kuuliza, na juma lililofuata wakarudi sokoni.

Mara hii Munyi hakutaja mageti. Alikaa karibu na wabeba maziwa wa bodaboda. Aliona wanafunga mitungi kwa mipira ya tyubu, na barabara ikiwa na matope mitungi inateleza na maziwa yanamwagika. Mmoja alimweleza kwamba juzi tu alifika na mtungi nusu. Munyi alianza kutengeneza kishikilio cha mitungi kwa mbao kuukuu. Cha kwanza kilivunjika kabla pikipiki haijafika lami. Darasa zima lilikaa chini kutafuta kwa nini.

Wawira yeye hakupata kitu sokoni. Alipata kitu mahali pengine.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa na mama yake kwenye kituo cha kupimia majani chai. Wanawake walikuwa wamekaa wakingoja lori. Kila mmoja alikuwa amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni ili asiloweshwe na majani wala kuchomwa na matawi. Wawira alikuwa ameona karatasi hizo tangu utotoni. Siku hiyo aliziangalia. Karibu zote zilikuwa zimechanika. Nguo za wanawake zilikuwa zimelowa kuanzia kifuani mpaka magotini.

Alikaa karibu na jirani yao, Gicuku, akamuuliza mara ya mwisho karatasi yake ilipochanika alifanya nini. Gicuku alisema aliendelea kuchuma akiwa amelowa, kwa sababu majani hayangoji. Baadaye aliugua kifua, akashindwa kuchuma kwa siku kadhaa. Alikuwa amenunua karatasi nyingine, nayo ilichanika msimu huo huo. Wanawake wengine wakaingilia kati, kila mmoja na habari yake. Wawira alisahau hata kupanga foleni. Mama yake ndiye aliyemwita.

Siku hiyo alipofika nyumbani aliondoa kitambaa kwenye cherehani. Alichukua gunia tupu la mbolea, akaliosha, akashona aproni. Kesho yake alimvika mama yake, akamfuata nyuma kwenye mistari ya chai akimwangalia.

"Ni nzuri sana, mwanangu," Ciakuthii alisema.

"Mama, usinisifu. Niambie inakuumiza wapi."

Ciakuthii alisita. Hakutaka kumrudisha binti yake kwenye ule ukimya wa siku zilizopita. Kisha akasema ukweli. Kamba inamkata shingo. Chini ni ndefu, inanasa matawi akipanda mlima. Na akiinama, maji yote yanaingia kwenye viatu vyake vya gamubuti.

Wawira hakukasirika. Alifumua, akashona tena. Alitengeneza mikanda mipana inayopita mabegani na kukutana mgongoni. Akapunguza urefu. Upande wa chini akaukata mshazari ili maji yatiririke pembeni. Mama yake akaivaa, akataja kasoro nyingine, na Wawira akarekebisha. Muriithi alikuwa anapita kwenda chuoni akiwaona wawili hao wakibishana katikati ya chai, na kuendelea na njia yake.

Baadaye Wawira alishona nyingine kwa turubai imara, akaziazimisha kwa wanawake wachache. Aliwaambia wachume nazo mpaka siku ya soko, kisha wazirudishe na kumweleza kasoro. Siku ilipofika, Gicuku alikuja mikono mitupu. Alisema yake harudishi ng'o. Wawira amwambie bei.

Hapo ndipo biashara ilipoanza. Wanawake wa kituo chao waliagiza, kisha wa kituo cha jirani. Cherehani ilitolewa sebuleni, ikawekwa barazani penye mwanga. Wasichana wawili wa chuo walikuja kusaidia kazi na kujifunza. Ciakuthii hakutaja tena habari ya kuiuza.

Chuoni nako mambo yalibadilika polepole. Vijana bado walifanya mtihani, na matokeo hayakushuka. Kishikilio cha Munyi kilikaa vizuri kwenye jaribio la nne, na wabeba maziwa wakaanza kumtafuta. Si kila wazo lilifaulu. Kijana mmoja alitengeneza mashine ya kubangua makadamia, ikashindwa kabisa. Lakini aliweza kueleza kwa nini ilishindwa, na Muriithi akampa alama nzuri. Kila muhula Muriithi aliwaalika watu wa sokoni waje darasani kusema shida zao. Bwana Mwirigi mwenyewe alizoea kukaa nyuma na kusikiliza.

Mvua za masika zilipokuja, mwanamke mmoja alifika kwa akina Wawira kutoka kilima cha mbali. Muriithi alikuwa amekaa barazani. Mwanamke huyo alikuwa na aproni mkononi, na uso wake haukuwa wa furaha. Alisema maji yanapenya begani. Tena si kidogo.

Muriithi alimtazama binti yake. Aliogopa kwamba maneno hayo yatamuumiza.

Wawira alisimamisha cherehani. Akamvutia mgeni kiti, akamsalimu vizuri.

"Hebu ivae nione," alisema. "Kisha uiname kama unachuma."

Mwanamke aliivaa, akainama. Wawira alipiga magoti kando yake, akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, akiuliza maji yanaanzia wapi, na kikapu huwa kinakaa bega gani. Uso wa mwanamke ukalegea. Akaanza kueleza.

Muriithi aliinuka, akaenda jikoni kumletea mgeni chai. Aliona mazungumzo yatakuwa marefu.