Ndege ya Siku Tatu

Mwaka 1979, Jumamosi moja asubuhi, Mwape wa kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, alipanda ndege Kinshasa aje Lubumbashi kumzika mama yake. Jua lilikuwa limewaka vizuri. Mhudumu akawatangazia abiria: kilomita elfu moja mia tano na ushei, masaa mawili na nusu angani.

Mwape akainamisha kichwa.

Miaka minne alikuwa amekaa Kinshasa, karani wa serikali, mshahara mzuri, bila kurudi nyumbani hata mara moja. Mama Nkandu, ambaye hakuwahi kupanda ndege, alipouliza kwa barua, mwanawe alimjibu: "Mama, Kinshasa iko mbali sana. Ndeke inafanya siku tatu." Mama aliamini. Hata alipougua na kumwita kwa telegramu, Mwape alijibu kwamba yuko njiani, kisha akaenda kwenye harusi ya rafiki. Dada yake, Honorine, alimpigia simu ya msiba, akamweleza jinsi mama alivyolala akitazama dirishani na kuhesabu: leo Mwape ameshapita Kasai. Siku ya tatu akakata roho.

Ndege ilipoingia mawinguni, Mwape alifumba macho. Kiti cha kushoto kwake kilikuwa kitupu.

Kikalia, kama kimekaliwa na mtu.

Akasikia harufu ya dawa ya kusugua kifua. Hakuthubutu kufumbua macho.

"Mwape," sauti ikanong'ona, "leo iko siku ya ngapi?"

 "Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Iko masaa mbili na nusu tu."

"Hapana, mutoto yangu. Ulisema siku tatu."

 Alisikia pumzi karibu na sikio lake. Ya polepole. Ya mtu anayesinzia. Alibana macho mpaka magurudumu yakagonga ardhi ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi.

Kiti kilikuwa kitupu. Jua lilikuwa la mchana, kama ilivyopaswa. Lakini aliposhika kidevu, ndevu zilimchoma. Asubuhi ile alikuwa amenyoa.

Nyumbani hakukuta kilio. Viti vya matanga vilikuwa vimerudishwa kwa majirani. Honorine alisimama mlangoni, macho yamevimba.

"Tulikungojea ku Luano Jumamosi," akasema. "Ndeke ilifika, weye haukuwa ndani. Mama tulimuzika jana. Leo Jumanne. Ulikuwa wapi, yaya, kaka yangu?"

Mwape alikaa chini, palepale kizingitini, akalia kama mtoto. Akamweleza dada yake uongo wote, tangu barua ya kwanza. Mambo ya ndani ya ndege hakuyasema.

Jioni Honorine alichukua abakosi ya kaka yake, lile koti alilosafiri nalo, aipige pasi waende kaburini kesho yake. Akasita. Bega la kushoto lilikuwa limebonyea, duara, kama mto uliolaliwa.

"Yaya," alinong'ona, "nani alilala pa bega yako?"

Akapitisha pasi ya makaa, tena na tena, mpaka kitambaa kikaanza kunuka moshi. Duara halikunyooka. Na alipoweka kiganja juu yake, palikuwa baridi.