Doa la Kisogo

Niliacha shule darasa la sita na sijutii. Waliobaki wanajua kuandika neno "ukuta". Mimi najua kuusimamisha. Nipe mwiko, timazi na kamba, halafu kaa pembeni ujifunze. Kwa hiyo usinitazame kama mwoga anayetunga. Haya yalinipata mimi na shangazi yangu, mchana kweupe.

Shangazi alitaka chumba cha kupangisha uani. Ua wenyewe kama leso: ukifungua mlango wa jikoni kwa pupa, unagonga ukuta wa jirani.

"Shangazi, hapa tutampangisha nani? Paka?"

"Acha upuuzi, Bingwa. Jenga."

"Sasa kodi ya paka utaifanyia nini?"

"Sitaki kodi. Nataka mtu wa kukohoa upande wa pili." Akatazama kiti cha marehemu mumewe. "Humu ndani nikipiga chafya, najipa pole mwenyewe."

Nikachukua mwiko. Nikajenga. Ili kitanda kienee, ukuta wa nyuma niliusogeza mpaka ukabaki shubiri moja kutoka kwa jirani. Panya mnene angekwama pale.

Siku ya kupiga lipu nilikuwa peke yangu ndani, napiga mluzi, nikijisifu kimoyomoyo. Nikasikia, "Hodi."

Sauti ya upole. Ya mtu aliyesimama muda mrefu.

Mdomo wangu hauna breki. Sikugeuka hata. "Karibu, mpangaji! Ingia, chumba ni chako! Viatu vua nje!"

Nikacheka. Kisha nikatega sikio. Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka nyuma ya ukuta, kwenye ile shubiri.

Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Umemkaribisha nani?"

"Sijui. Nilikuwa natania."

"Hukuuliza hata ni nani?" Alinong'ona. "Hodi haijibiwi kwa mgongo, mwanangu."

Kesho yake nikakuta doa kwenye lipu mbichi. Jeusi, la mafuta mafuta, ukubwa wa kichwa, kimo cha mtu aliyeketi chini. Unalijua doa la namna hiyo: linatokea mtu akiegemeza kisogo mahali pamoja miaka na miaka. Ukuta wangu ulikuwa na siku moja.

Sebuleni kulikuwa na jingine kama hilo, ukutani, juu ya kiti cha marehemu. Shangazi akalipima kwa vidole, akaja akalipima la uani.

"La mume wangu ni pana zaidi," akasema polepole. "Huyu ni mgeni."

"Basi nabomoa leo hii!"

"Utabomoaje chumba chenye mtu?" Akaketi kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa. "Usiku kucha amekohoa, Bingwa. Nami nikakohoa. Akajibu."

Nilikwangua. Nikapiga lipu upya, nikapaka chokaa mara tatu. Doa likarudi mara tatu. Mara ya nne nilikuta kiti cha shangazi kimehamia mle ndani, kinatazama ukuta.

Nikaondoka. Watu niliwaambia nina kazi nyingi, fundi mkubwa hagombaniwi bure. Uongo. Niliogopa. Mwezi mzima sikukanyaga kwake, na yeye hakuniita. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilipokwenda, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nyumba kimya. Nikapita jikoni mpaka uani. Chumba kimefungwa kwa ndani, kwa komeo nililolipigilia mwenyewe.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, Shangazi. Ni mimi."

Kikohozi. Chake. Nakijua.

Kisha kingine.

Karibu haikuja.

Nikavunja mlango. Kiti kitupu. Kikombe sakafuni, chai bado inatoa mvuke. Ndala zake zimevuliwa vizuri, pua zimeelekea ukutani. Dirisha lina nondo nilizozichomeka kwa mikono hii. Hata mtoto hapiti. Nikazunguka nyuma, nikachungulia kwenye shubiri. Vumbi tupu, halina hata unyayo wa mjusi.

Nikarudi ndani. Madoa yalikuwa mawili.

La pili lilikuwa chini kidogo. Katikati yake pana kibonde, pale anapofungia fundo la kitambaa chake cha kichwani.

Hajaonekana mpaka leo. Nyumba naishi mimi, maana nani mwingine ataikaa? Madoa siyapaki tena chokaa, lakini ufundi ni ufundi: nayapima. Siku ile kati yao palikuwa na futi mbili. Jana palikuwa na shubiri.

Huwa naingia, nakaa kwenye kile kiti, nakohoa. Hakuna anayejibu. Jana vumbi la chokaa liliniingia puani, nikapiga chafya kubwa.

Nikangoja.

Kisha nikajipa pole mwenyewe.